Yai la Kunguni Halikuwamo Kwenye Mpango

Ukishuka stendi ya Litein asubuhi ya siku ya soko, utamsikia muuza dawa kabla hujamwona. Sauti ilirekodiwa mara moja, pengine miaka mingi iliyopita, na tangu hapo haijachoka: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Inatoka kwenye kipaza sauti kilichoning'inizwa begani, na mwenyewe hafungui mdomo ila anapohesabu chenji. Pakiti moja shilingi 50. Nyingine haina maandishi hata herufi moja. Nyingine ina picha ya panya aliyelala chali.

Binamu yangu alifungua biashara ya kudhibiti wadudu hatua chache kutoka hapo, ghorofani, juu ya duka la agroveti. Alikuwa na kibali cha kaunti, namba ya kodi na leseni ya PCPB, ile bodi ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1982 kusimamia dawa za kuua wadudu na wanaozitumia. Alikuwa na pampu mbili za mgongoni, ovaroli, gambuti, glavu na barakoa zenye vichujio. Mpango wa biashara niliuandika mimi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mengi yaliyokwenda mrama hayakutokana na uvivu wake wala ujanja wa wadudu. Yalikuwa kwenye kurasa nilizoandika nikiwa nimekaa mezani Nairobi.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa chai. Nani angenilaumu? Kutoka Kericho mjini hadi Kapkatet, ukashuka Sotik, ukapanda Konoin na Mogogosiek, macho hayapati kitu kingine. Nilijumlisha kwa haraka: shamba kubwa lina wadudu wengi, wadudu wengi wana kazi nyingi. Sikumuuliza mkulima hata mmoja.

Mkulima angeniambia kwamba chai ya Kenya hukua karibu bila dawa ya wadudu kabisa. Si kwamba wadudu hawapo. Utitiri upo, na yupo mdudu anayefyonza majani machanga anayeitwa mbu wa chai ingawa si mbu. Lakini nyanda hizi ziko takriban mita 2,000 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi. Majani yanachumwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo mdudu anayependa jani laini hunyang'anywa chakula kabla hajazoea. Watafiti wa Timbilil, katika taasisi ya chai iliyoanza mwaka 1951 ikihudumia Afrika Mashariki nzima, wamechagua miche inayostahimili kwa miaka mingi. Juu ya yote hayo yuko mnunuzi. Jani linalochumwa leo Litein au Tegat litafika mnadani Mombasa, na huko Ulaya litapimwa mabaki ya dawa kwa sehemu za miligramu katika kilo moja. Mtu mwenye pampu mgongoni katikati ya mistari ya chai, basi, si mtoa huduma. Ni hatari kwa kiwanda kizima, kwa maana majani ya mkulima mmoja huchanganywa na ya jirani zake wote kabla hayajafika kwenye mashine.

Mzee mmoja aliyetukuta tukiangalia shamba lake alitueleza kwa upole. "Vijana wangu, hapa hata sigara hatutaki ivutwe karibu na gunia la majani. Chai inakunywa harufu kabla wewe hujainywa." Ni kweli tupu. Jani lililokauka hunyonya kila harufu iliyo karibu nalo, na ndiyo maana hata ndani ya viwanda ambako panya ni tatizo la kweli, kazi hufanywa kwa mitego, na masanduku ya chambo hukaa nje ya kuta, kila moja na namba yake, ramani yake na daftari lake la ukaguzi. Kazi hiyo hutolewa kwa tenda, na tenda huuliza umefanya wapi kwa miaka mingapi. Kiwanda kilichohangaika kupata cheti cha usalama wa chakula hakiwezi kuwa uwanja wa majaribio ya mwanafunzi. Nililichukulia hilo kama mlango uliofungwa kwa chuki. Sasa naona walikuwa na haki.

Tukabaki na mji: hoteli za chai na chapati, nyumba za kupanga, stoo za mahindi, zahanati, mabweni ya shule.

Kwenye mpango nilikuwa nimeweka fedha za tangazo. Pikipiki ilipakwa rangi ya njano, na ubavuni mwa sanduku lake fundi akachora mende mkubwa aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Ilipendeza sana ikiwa imesimama nje ya ofisi. Mbele ya hoteli ya mtu ilikuwa msiba. Mama mmoja mwenye hoteli alituona tukiegesha akatoka mbio na kitambaa cha kufutia meza mkononi.

"Kijana, nani amekuambia usimame hapa?"

"Mama, si wewe ulitupigia simu?"

"Nilipiga simu. Sikusema umlete mende wako apigwe picha mlangoni kwangu saa saba mchana."

Mbele yake walikuwa wamekaa wateja kumi na kitu. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wanaogopa wadudu. Hawawaogopi, wameishi nao. Wanachoogopa ni jirani kujua. Mende wa hoteli ni aibu ya mwenye hoteli, na kunguni wa nyumbani ni siri ambayo hata dada wa kuzaliwa naye haambiwi. Ukivaa ovaroli nyeupe na barakoa ukabisha hodi, umetangaza siri hiyo mtaa mzima. Mwenye kipaza sauti ana faida ambayo sikuihesabu: anauza kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na anayenunua anaweza kusema ni cha panya wa shambani.

Wiki ileile mende akafutwa kwenye sanduku. Tukaanza kwenda hotelini saa nne za usiku, mavazi yakiwa kwenye begi, na kuvalia jikoni baada ya mlango kufungwa. Kazi ikaongezeka.

Hilo lilikuwa kosa la kuonekana na likarekebishwa kwa kopo la rangi. Kosa kubwa lilikuwa dogo mno kuonekana: yai la kunguni.

Kunguni jike hutaga mayai machache kila siku, akiyabandika kwenye ufa wa mbao, kwenye mshono wa godoro, nyuma ya msumari uliolegea. Dawa nyingi zinazoruhusiwa ndani ya nyumba humpata kunguni anayetembea, lakini yai hulipita. Kwenye joto la pwani yai huanguliwa kwa muda wa wiki moja hivi. Katika bweni la matofali la huku kwetu, ambako usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, yai husubiri, wiki mbili na pengine zaidi. Kisha anatoka mtoto mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, asiyejua kwamba kuliwahi kupulizwa dawa.

Mimi nilikuwa nimeandika "chumba kimoja, ziara moja". Bei, mafuta ya pikipiki, kiasi cha dawa, malipo ya kijana msaidizi, vyote nilivigawa kwa ziara moja. Sikuwa mvivu wa hesabu. Nilifikiri kazi huisha pale pampu inapokauka.

Shule moja ya bweni upande wa Bomet ilitupa kazi wakati wa likizo. Mabweni yalikuwa matupu. Tulipuliza kila kitanda, kila ufa, kila kona ya dari, kwa siku mbili. Tulijivunia. Mhasibu alilipa nusu na kuahidi nusu nyingine shule ikifunguliwa. Wiki ya tatu ya muhula matroni akapiga simu, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo: "Mmetuuzia maji." Wasichana walikuwa wakilala juu ya meza za darasani. Nusu iliyobaki hatukuipata, na sikuona haki ya kuidai.

Tuliporudi, kwa gharama yetu, tuliyaona mambo mawili. Mayai yalikuwa yameanguliwa, kama ambavyo kijitabu chochote kingetueleza kama tungekisoma hadi ukurasa wa mwisho. La pili lilikuwa limekaa wazi mbele yetu tangu mwanzo: masanduku ya bati. Kila msichana alikuwa amekuja na lake kutoka nyumbani, Chepalungu, Kipkelion, Narok, na kwenye bawaba na chini ya karatasi ya kutandika ndani wamo wasafiri. Tulikuwa tumesafisha nyumba na kusahau kwamba wenyewe hawajafika.

Tangu siku hiyo kazi ya bweni kwetu ina ziara tatu. Ya kwanza ni likizoni. Ya pili ni siku ya kufungua shule, getini, masanduku yakiwa bado nje juani na kila moja likifunguliwa na kukaguliwa. Ya tatu ni baada ya wiki mbili hadi tatu, na tochi. Dawa yenyewe tunaitumia kidogo kuliko mwanzo. Kunguni wa siku hizi wamezoea dawa za jamii ya pareto, ile sumu iliyoigwa kutoka kwenye ua jeupe linalolimwa hata kwenye vilima vya Londiani na Kipkelion, na kumwongezea dozi mdudu aliyeizoea ni kumtesa mwanafunzi anayelala hapo. Maji yanayochemka kwenye fremu ya chuma, godoro kuanikwa na kupigwa, nyufa kuzibwa kwa saruji: mambo ambayo bibi yangu aliyafanya bila leseni. Joto la nyuzi 50 na zaidi humuua kunguni pamoja na yai lake, kwa muda mfupi, na hakuna aliyewahi kulizoea.

Panya nao walitufundisha lilelile kwa njia nyingine. Dawa nyingi za panya zinazoruhusiwa ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya hula leo na kufa baada ya siku tatu, nne, hata wiki. Ucheleweshaji huo ndio ufundi wenyewe. Panya akionja kidogo na kuugua papo hapo, hatagusa sahani hiyo tena. Lakini mteja aliyelipa anataka kuona maiti asubuhi. Sumu ya pakiti isiyo na jina humpa maiti hiyo sakafuni kabla ya chai, naye hufurahi, na panya kumi na mmoja waliobaki wamejifunza. Yule wa soko anauza kifo kinachoonekana. Sisi tunauza ukimya wa darini, na ukimya hauna risiti. Ilibidi tuanze kumwonyesha mteja daftari: Jumatatu chambo gramu kadhaa, Alhamisi nusu imeliwa, Jumatatu nyingine haikuguswa. Wengine waliridhika, wengine walirudi kwenye pakiti.

Na pakiti ile siitetei hata kidogo. Mara nyingi ni dawa kali ya shambani iliyomiminwa kwenye karatasi au chupa ya soda, bila lebo, bila namba ya usajili ya PCPB, bila maelezo ya nini kifanyike mtoto akiigusa kisha akalamba vidole. Anayeinunua anaiweka kwenye kabati moja na unga. Hilo linanikera kuliko hasara yoyote tuliyopata.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo rahisi hivi, la kurudi, halikuniingia akilini, ilhali nimekulia mahali ambapo historia nzima ya wadudu ni historia ya kurudi. Rekodi za hospitali za mashamba ya chai ya Kericho zimesomwa na watafiti wa malaria kuliko za sehemu nyingi za Afrika. Kulikuwa na milipuko mikali miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikafuata dawa ya kumeza, ikafuata ya kupuliza, na kwa miongo kadhaa ugonjwa ukanyamaza kiasi cha watu kudhani baridi peke yake inatosha kuwalinda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukarudi. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba hawakuona mabadiliko ya hali ya hewa ya kuweza kueleza kurudi huko. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakachukua vipimo vilivyosasishwa na kuona joto limepanda. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakarudia rekodi za kituo cha Kericho chenyewe wakakuta joto linapanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo. Wengine walitaja klorokwini iliyokuwa imeshindwa na vimelea. Mjadala huo ni wa wenye elimu yake. Kwa mtu wa pampu, somo ni la karibu zaidi: dawa ya ukutani huchoka baada ya miezi, mbu hurudi na mvua ndefu, na mpango wa kunyunyizia nyumba ni mzuri kwa kadiri ya uhakika wa kwamba mwakani, kabla ya mvua, mtu yuleyule atabisha hodi tena.

Halafu kuna mahindi. Septemba 2011, Longisa, kaunti ya Bomet, ndipo ule ugonjwa wa mahindi ulioitwa MLN ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini. Majani yalikauka kutoka pembeni, magunzi yakatoka matupu, shamba zima likafa likiwa limesimama. Watu walikimbilia agroveti kutafuta dawa. Ugonjwa ule ni wa virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja na kubebwa na wadudu wadogo. Mmea ukishaugua hakuna cha kupuliza. Kilichosaidia kilikuwa kigumu kuliko kununua chupa: kuacha mahindi msimu mmoja au miwili, kupanda viazi au maharagwe, kung'oa yaliyougua, na kufanya hivyo jirani na jirani kwa pamoja, kisha kurudia. Hebu fikiria kumwambia Mkipsigis mwenye watoto sita asipande mahindi. Naamini mwenye pampu asiye na aibu angepata pesa nyingi mwaka ule.

Hapo ndipo nimeanza kuielewa leseni kwa njia tofauti. Nilipoandika mpango, leseni ilikuwa safu ya gharama: ada, safari ya Nairobi, ukaguzi wa chumba cha kuhifadhia dawa, na mwaka ukiisha yote upya. Nilitarajia ituletee wateja. Haikutuletea hata mmoja. Mteja wa Kapkatet haulizi leseni. Anauliza bei, anauliza kama inanuka, anauliza kama kuku watakufa. Anayeiuliza ni afisa wa afya, na yeye humuuliza yule ambaye tayari ana ofisi na mlango wenye jina. Mwenye kipaza sauti hana mlango wa kubishiwa. Kwa hiyo sheria humkagua anayekagulika, na hili ni dhuluma ndogo ya kila siku kwa kila anayejaribu kufanya kazi hii kwa haki. Ningependa wanaotunga kanuni waje wasimame stendi saa moja tu na kusikiliza.

Hata hivyo leseni ilimfanya binamu yangu awe mtu anayejua kusema hapana. Hapulizi chumba chenye mtoto mchanga mama akiwa hana pa kwenda. Hachanganyi dawa mbili kwa sababu mteja ana haraka. Hauzi chupa ya kwenda nayo nyumbani. Aliyemfunza kusoma lebo alitoka kwenye mpango wa AAK, chama cha kampuni za dawa za kilimo, wa kuwafunza vijana kuwapulizia wakulima kwa malipo ili mkulima asishike sumu kwa mikono mitupu. Ni wazo jema, na nimeona wapi lina nguvu: kijana wa aina hiyo anaishi kijiji kimoja na mteja wake. Akikosea, atakutana naye kanisani. Kurudi kwake si kipengele cha mkataba.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Nilikuwa nimegawa mapato kwa miezi kumi na miwili sawasawa. Huku mwaka hauna miezi kumi na miwili sawasawa. Una malipo madogo ya kila mwezi ya majani, kisha una bonasi, ambayo kwa wakulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hufika karibu na Oktoba. "Ngoja bonasi" ni jibu utakalolipata kuanzia Juni, na ni jibu la kweli, si la kukwepa. Bonasi ikiwa nono, simu hazikatiki. Ikiwa nyembamba, kama ilivyokuwa kwa viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa miaka ya karibuni, huku wenzao wa upande wa Mlima Kenya wakilipwa zaidi kwa kilo, mende hupewa mwaka mwingine wa kuishi. Sasa tunafanya hesabu kwa mwaka wa chai, na deni la Julai tunaliandika bila hasira.

Bei nayo tumeibadilisha. Hatuuzi tena ziara. Tunauza kazi nzima, na sehemu ya mwisho ya malipo haidaiwi mpaka ziara ya mwisho ifanyike na mteja mwenyewe ashike tochi aangalie. Mwezi wa kwanza wa utaratibu huo tulikula hasara. Wa pili vilevile. Daftari jipya lina safu ambayo mpango wangu haukuwa nayo, imeandikwa kwa mkono wa binamu yangu: "tarehe ya kurudi".

Wiki iliyopita nilikuwa naye ghorofani, mvua ya alasiri ikigonga mabati kiasi kwamba hata kipaza sauti cha chini hakikusikika. Simu ikaita. Alikuwa yule mama wa hoteli, aliyetufukuza na mende wetu wa rangi.

"Chamgei, mama."

"Chamgei. Nimeangalia karatasi yako, umeandika Jumanne. Hamjasahau?"

"Hatujasahau, mama. Saa nne usiku."

"Kuja saa tatu na nusu. Nitakuwekea chai."

Jumanne alikwenda. Nyuma ya jokofu alikuta kifuko kimoja cha mayai ya mende, kimekauka lakini kizima, rangi ya kahawia, chenye watoto wasiopungua thelathini ndani yake ambao hawakuwa wametoka. Alikichukua kwa koleo, akamwonyesha mama kwenye mwanga wa tochi, kisha akakitia ndani ya kikombe cha maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya chai ya watatu.